Kabati la kona la kale: la kuning'iniza, la kusimama, au la karne iliyopita?

Anayetafuta kabati la kona la kale hukutana na aina nyingi na bei zinazopishana mno, ilhali kwa mbali makabati yenyewe yanafanana: mbao za pembetatu zenye mlango mbele. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa nyumba nyingi, lile dogo la mwaloni la kuning'iniza ukutani, lililotengenezwa na seremala wa kijijini Uingereza au Wales kati ya 1750 na 1830 hivi, ndilo linalostahili pesa zako kuliko mengine. Lakini si kwa kila nyumba, wala si kwa kila hali ya hewa.

Makabati haya yalishamiri Uingereza na Uholanzi katika karne ya 18, wakati meli za kampuni za biashara zilipokuwa zikileta chai na kauri kutoka Uchina. Mwenye seti ya kauri alitaka wageni waione lakini watumishi wasiiguse. Kabati la kona lilimpa yote mawili, rafu za kuonyeshea na kitasa cha kufungia, tena bila kula nafasi ya chumba. Watu wa Lamu waliopanga kauri kama hizo kwenye zidaka za kuta zao za mawe wangemwelewa mara moja.

Sokoni, lililopita miaka 100 huhesabiwa la kale. Yale ya kati ya 1920 na 1980 yana fungu lake, nayo nitayafikia.

Ukutani au sakafuni

Huu ndio uamuzi wa kwanza, na wengi huuruka kwa sababu wamekwisha kulipenda kabati fulani.

La kuning'iniza kwa kawaida lina upana wa mbele wa sentimita 60 hadi 75 na kimo cha sentimita 90 hadi 110. Ndani utakuta rafu tatu, mara nyingi zenye ukingo uliokatwa kwa mawimbi, na chini pengine kidroo kidogo cha viungo au funguo. Faida yake kubwa ni kwamba sakafu inabaki wazi. Kwa nyumba zetu, ambako sakafu huoshwa kwa maji na ufagio na si kufutwa kwa kitambaa tu, jambo hili lina uzito: fanicha nyingi za kale huanza kuoza miguuni. Mtoto anayetambaa halifikii, na mchwa anayepanda kutoka sakafuni ana safari ndefu zaidi, ingawa anaweza kupitia ukutani.

Hasara zake ni mbili. Ukuta lazima ulibebe. Kabati tupu la mwaloni linaweza kufika kilo 20 au zaidi, na ukijaza vyombo uzito unaongezeka sana. Ukuta wa tofali au bloku hauna shida ukitumia skrubu ndefu na plagi zake. Ukuta wa mbao za jipsamu, kama zilivyo nyumba nyingi mpya za Ulaya na Amerika, unataka skrubu ziingie kwenye nguzo za mbao zilizo nyuma ya jipsamu, na nguzo hizo si lazima ziwe pale unapopataka. Hasara ya pili ni ukubwa wa vitu: vikombe, bakuli, birika na chetezo vitakaa vizuri, lakini sahani kubwa zitabanana na sinia la pilau halitaingia kabisa.

La kusimama ni jambo jingine. Kimo chake huwa mita 2 hadi 2.3, upana wa mbele mita 1 au zaidi. Sehemu ya juu ina vioo vya kuonyeshea, ya chini ina milango ya mbao ya kuficha vitu. Hili linabeba seti nzima ya vyombo vya sikukuu. Ukiwa na chumba kikubwa chenye dari ya juu, kama nyumba za zamani za Mji Mkongwe au nyumba za karne ya 19 za London, hakuna fanicha inayoipa kona heshima kama hii.

Ila pima dari. Kabati la mita 2.3 lenye kina cha sentimita 70 likiinuliwa kutoka kulala hadi kusimama, pembe yake ya juu hufika karibu mita 2.40, na dari nyingi za nyumba za kisasa za Uingereza ni za mita 2.40 au pungufu. Maana yake, kabati linatosha likiwa limesimama lakini huwezi kulisimamisha. Mengi yalitengenezwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, na hayo hayasumbui. La kipande kimoja, liulize vipimo kabla ya kulipia.

Pima na kona yenyewe, kutoka pembeni kwenda kila ukuta, kwa sababu kuta mbili hazikutani kwa pembe mraba kila mara. Nyumba za mawe na za udongo ndizo zenye kona zilizopinda zaidi. Mwanya wa sentimita mbili nyuma ya kabati la kuning'iniza unazibika kwa ubao mwembamba. Nyuma ya la kusimama, ubao wa skatingi chini ya ukuta ndio unaolisukuma mbele, na dawa ni kuikata skatingi. Kamwe usikate kabati.

Mwaloni, msonobari na mahogani

Hapa ndipo tofauti za bei na za maisha ya kabati zilipo.

Mwaloni ulikuwa mti wa vijijini. Seremala alitumia mbao nene, akaziunga kwa vigingi vya mti na gundi kidogo, akaweka bawaba za chuma au shaba zenye umbo la herufi H. Makabati ya Wales na ya kaskazini mwa Uingereza mara nyingi yana mpaka mwembamba wa mahogani uliozungushwa mlangoni, na hilo ndilo pambo lake lote. Kwa kuwa ni mbao tupu, ikipasuka unaiona na fundi yeyote mzuri anaitengeneza. Jua la dirishani litalififisha, lakini halitalibandua. Nyumba yenye watoto, moshi wa ubani na madirisha wazi inalistahimili.

Mahogani iliingia Uingereza kwa wingi baada ya Bunge kuondoa ushuru wa mbao za makoloni ya Amerika mwaka 1721, wakati mbao za mjozi zilikuwa zimeadimika Ulaya baada ya baridi kali ya 1709 kuua miti mingi. Kabati la mahogani lenye uso uliobinuka kwa nje, la miaka ya 1780 hadi 1800, ni zuri sana: milango miwili inakutana katikati kama tumbo la pipa na mwanga unapita juu yake bila kukatika. Lakini mengi ya hayo si mahogani hadi ndani. Ni ubao mwembamba wa mahogani, mafundi huuita vinia, uliogandishwa juu ya mwaloni au msonobari kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hulainika kwa joto na unyevu, na hapo vinia huvimba, hupasuka na kunyanyuka ukingoni. London au Toronto utaishi nalo miaka mingi ukiliepusha na hita. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam silishauri, isipokuwa liwe katika chumba ambacho hewa yake haibadilikibadiliki.

Msonobari una hadithi yake. Makabati ya msonobari ya kati ya 1720 na 1760, yale yenye mgongo wa mviringo na pengine paa la ndani lililochongwa kama kome wa baharini, yalijengwa ndani ya kuta za vyumba vilivyofunikwa mbao. Yalipakwa rangi tangu siku ya kwanza, kwa sababu msonobari ulionwa mti duni. Nyumba zilipobomolewa, makabati yaling'olewa. Ndiyo maana migongo yake ni mbao mbichi isiyopigwa randa na mengine hayana ubavu wa kuonyesha. Hilo si kasoro. Kasoro ni kuchovywa. Katika miaka ya 1970 Waingereza waliupenda msonobari mtupu, na maelfu ya fanicha zilitumbukizwa kwenye mapipa ya magadi makali ili rangi iondoke. Gundi ililegea, nyuzi za mbao zikasimama kama manyoya, na chumvi nyeupe bado huchomoza kwenye baadhi yake. Kati ya kabati la msonobari lililobaki na rangi yake ya kale iliyochakaa na lililosafishwa likang'aa rangi ya asali, chukua la kwanza, hata kama kwa macho ya mara ya kwanza linaonekana chafu.

Kuhusu rangi hiyo, onyo la kweli: rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba, hasa penye watoto. Ifunike kwa nta, uiache.

Makabati yaliyopakwa rangi ya kung'aa ya kuigiza kazi za Mashariki, yenye vijumba vya Kichina na ndege wa dhahabu juu ya weusi au wekundu, yaliuzwa sana Uholanzi na Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Ufundi huo ulikuwa na kitabu chake cha mafunzo kilichochapishwa Oxford mwaka 1688. Yanavutia kwelikweli, na mimi huyatazama kwa muda mrefu kila ninapokutana nayo. Kuyanunua ni kwa mtu mwenye chumba kitulivu, kisicho na jua la moja kwa moja wala jiko karibu, maana tabaka lile likianza kupukutika ukarabati wake ni ghali kuliko kabati.

Ufaransa, kwa ufupi

Wafaransa walitengeneza kabati fupi la kona, la kimo cha kiunoni, lenye marumaru juu, na kwa kawaida waliyauza kwa jozi. Mafundi wa Paris walitakiwa na chama chao kupiga mhuri wa jina, kanuni iliyotekelezwa kuanzia 1751, ndiyo maana jozi yenye mhuri ina bei isiyogusika. Kubwa kuliko yote ninayoyajua ni lile la Jacques Dubois lililoko makumbusho ya Getty, Los Angeles, lililotengenezwa kwa ajili ya jenerali wa Poland, Jan Klemens Branicki. Lina saa juu yake na kimo chake kinakaribia mita 2.9. Kwa nyumba ya kawaida, tafuta nakala ya karne ya 19 au 20. Hiyo inafaa mahali ambapo kuna dirisha la chini au picha ambayo hutaki kuiondoa ukutani.

Ukiwa Amerika

Msomaji aliyeko Ohio, Kentucky au Pennsylvania asihangaike kuagiza kutoka Uingereza. Katika majimbo hayo, pamoja na Virginia na North Carolina, kabati la kona la kusimama lilikuwa fanicha ya heshima ya mkulima kati ya 1780 na 1840, na mengi bado yako palepale yalipotengenezwa.

Tofauti na la Kiingereza ni kwamba la Kimarekani aghalabu ni mbao tupu: mcheri, mjozi, msonobari wa manjano, au ule mti mwepesi wanaouita popla. La mcheri lina wekundu unaokolea kadiri ya umri, na kwa maoni yangu hakuna mbao ya Ulaya inayozeeka vizuri hivyo. La popla na la msonobari yalipakwa rangi, ya buluu, nyekundu au kijani, na huko bei yote iko kwenye rangi hiyo. Kabati lenye rangi yake ya kwanza linaweza kuuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake lililokwanguliwa. Ukinunua la aina hiyo, usiruhusu mtu yeyote mwenye kemikali alikaribie.

Hadhari ya Amerika ni nakala. Baada ya maonyesho ya miaka 100 ya taifa hilo mwaka 1876, na zaidi katika miaka ya 1920 na 1930, viwanda vilitengeneza fanicha nyingi za mtindo wa kikoloni. Nyingi ni imara, na sina ubaya nazo, mradi ununue kwa bei ya nakala.

Ya karne iliyopita

Makabati ya kati ya 1920 na 1980 hudharauliwa na wapenzi wa vitu vya kale, na mimi sikubaliani nao kabisa. Kabati la kona la kampuni ya Ercol, iliyoanzishwa High Wycombe, Uingereza, mwaka 1920, ni mbao tupu ya mti wa elmi yenye nyuzi za kupindapinda, na limeungwa vizuri kuliko makabati mengi ya karne ya 19. Yale ya mwaloni mweusi yenye michongo ya kuiga kitambaa kilichokunjwa, ya chapa ya Old Charm, ni mazito na imara, ila kwa chumba kidogo yanaleta giza.

Yana faida ambayo wauzaji hawaitaji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vilianza kutumia gundi za kemikali zinazostahimili unyevu kuliko ile ya mifupa. Kwa anayepeleka kabati Pwani, Muscat au Dubai, kabati la 1960 lina nafasi nzuri ya kufika na kubaki salama kuliko la vinia la 1790. Epuka tu yale ya miaka ya 1930 yenye kioo cha kujitazamia mgongoni na vinia ya mjozi mbele: yanang'aa dukani, lakini migongo yao ni plaiwudi nyembamba na vinia yake hukatikakatika.

Kulikagua kabla ya kulipa

Lifungue, litoe rafu, ligeuze mgongo. Uso wa kabati ndio uliosafishwa kwa ajili yako, lakini mgongoni hakuna aliyejali. Mbao za mgongo zinatakiwa ziwe na rangi kavu ya kijivu au kahawia isiyo sawa. Alama za msumeno zilizopinda kama duara ni za karne ya 19 na kuendelea, zilizonyooka zinaweza kuwa za msumeno wa mkono. Msumari wa kufuliwa una kichwa kisicho sawa. Misumari ya waya, mviringo kama ya leo, ilienea mwishoni mwa karne ya 19, na skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 au baadaye. Moja tu linaweza kuwa ukarabati. Zikiwa kila mahali, umri uliotajwa si wa kweli.

Kwa la kusimama, linganisha juu na chini. Ndoa za sehemu mbili zisizozaliwa pamoja ni nyingi mno. Fuata nyuzi za mbao ubavuni, tazama kama mbao za mgongo zina upana na rangi moja, na kama ukingo unaoficha kiungo umewekwa juzi. Ndoa si dhambi ikiwa sehemu zote ni nzuri, lakini bei yake ni ndogo sana kuliko ya lililo zima, na muuzaji anatakiwa aseme.

Mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu. Paneli ya mlango wa kale ikionyesha mstari mwembamba usio na rangi ukingoni, huo ni ushahidi mzuri kuliko cheti.

Matundu ya bungua, ya milimita 1.5 hadi 2, si sababu ya kukimbia. Unga wa rangi hafifu unaodondoka ukigonga ndio wa kuogopa, maana wadudu bado wamo. Na ukiona mifereji ya bungua imelala wazi juu ya uso wa mbao badala ya matundu, mbao hiyo ilipasuliwa upya kutoka kwa fanicha nyingine, kwa sababu mdudu hatembei nje.

Bei

Fanicha za mbao za kahawia zimeshuka bei sana Uingereza tangu mwanzo wa karne hii, na kwa mnunuzi ni neema. Katika minada ya miji midogo, kabati zuri la mwaloni la kuning'iniza la karne ya 18 mara nyingi huuzwa chini ya pauni 200. La kusimama la msonobari au mahogani linaweza kwenda juu zaidi kidogo, na ajabu ni kwamba ukubwa wake humfukuza mnunuzi, hivyo wakati mwingine huachiwa kwa bei ya kutupa. Kumbuka kamisheni ya mnada, ambayo huongeza asilimia 20 hadi 30 juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, pamoja na kodi. Dukani utalipa mara mbili au tatu, lakini utakuwa umenunua ukaguzi, bawaba zilizorekebishwa na mtu wa kumrudia.

Kulisafirisha hadi Afrika Mashariki kunaweza kuzidi bei yake mara kadhaa. Kama una kontena linalokuja kwa mambo mengine, la kuning'iniza linaingia pembeni bila gharama kubwa. Kama lina rafu za vioo, zitoe, funga milango kwa kamba ya pamba (utepe wa gundi hubandua vanishi), weka vifuko vya kunyonya unyevu, na hakikisha mbao za kreti zina muhuri wa ISPM 15, alama ya kimataifa ya mbao zilizotibiwa dhidi ya wadudu. Likifika, usilitie kwenye chumba chenye kiyoyozi siku hiyohiyo. Liache wiki kadhaa katika chumba cha kawaida, milango yake ikiwa wazi.

Kwa aliye Arusha, Nairobi au Bukavu, ambako hewa si nzito kama ya Pwani, hata mahogani ya vinia ina matumaini. Kwa aliye Pwani na moyo wake uko kwenye la kusimama lenye vioo, kuna njia ambayo naiona bora kuliko kuagiza: mpelekee seremala picha na vipimo vya kabati la 1780, umwambie alitengeneze kwa msaji au mninga, mgongo wa mbao na si plaiwudi, paneli za milango zikae huru ndani ya fremu bila gundi ili zipate nafasi ya kunywea na kutanuka. Msaji unapatikana kutoka mashamba ya Longuza na Mtibwa, Tanzania, na bungua na mchwa hawaupendi. Kitu pekee cha kutafuta kutoka nje hapo ni bawaba na vitasa vya shaba vya kale, ambavyo vinaingia kwenye mfuko wa shati.